Hodi kwa Kondoo

"Shamba hili ni la nani?" Mama Mkubwa aliniuliza, mkono wake ukiwa juu ya geti la mbao lililolowa umande, na mimi, mtoto wa miaka saba kutoka Norsborg, pembezoni mwa Stockholm, sikuwa na jibu. Mbele yetu palikuwa na majani tu, yaliyopanda kilima na kushukia upande wa pili, kondoo waliosimama kimya kama mawe, na mawe yaliyolala kama kondoo. Hapakuwa na nyumba wala mtu. Jibu la Uswidi nililijua, kwa sababu shuleni walitupeleka msituni tukiwa tumevaa vizibao vya njano vinavyong'aa, wakatufundisha kwamba kila mtu ana haki ya kupita, kukaa na kuchuma matunda ya porini, mradi asiharibu wala asisumbue. Lakini hapa palikuwa Uingereza, na hata mimi niliona kwamba geti ni geti.

Nililikumbuka geti hilo wiki iliyopita, huku Uswidi, Flemingsberg, nikitembea kutoka stesheni kwenda chuoni. Mtu alikuwa amefyeka kando ya njia yale majani yanayowasha, ambayo Waswidi huyapikia supu majira ya kuchipua, na harufu yake mbichi, iliyo kati ya mchicha na udongo uliolowa, ikanisimamisha watu wakinipita kwa mabega. Mimi si mtu wa kuamini harufu. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba kumbukumbu hujipamba kila inapotolewa nje, na kwamba mtu akisema "naona kama jana" mara nyingi anaona alichokisimulia jana. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa nayaandika nikiyatilia shaka, hasa rangi zake. Sidhani kama kuna kijani cha namna ile.

Mama Mkubwa ni dada mkubwa wa mama yangu. Wote wawili walikulia kambi ya wakimbizi Kigoma baada ya kutoka Burundi, na dunia ilipowagawa, mama akaletwa Uswidi, dada yake akapelekwa Uingereza pamoja na mume wake. Yule mume alifariki kabla hawajapata mtoto. Sisi Norsborg tulikuwa wasichana wanne, mimi wa tatu, si wa kwanza aliyengojwa wala wa mwisho aliyefunga safari. Kiangazi kimoja mama alinifungia sanduku, akasema naenda kumtembelea mama yangu mkubwa, nikaenda.

Aliishi kwenye kitongoji ambacho hata leo nikikitafuta kwenye ramani ya simu nalazimika kukivuta na kukivuta kabla jina lake halijajitokeza. Ilikuwa barabara moja nyembamba kati ya kuta za mawe, nyumba chache za mawe yaleyale, kanisa lenye mnara mfupi ambalo padri alilifikia kwa zamu, na kibanda chekundu cha simu ambacho ndani hakikuwa na simu bali vitabu vya kuazima. Barabara ilipofika mtoni haikupanda daraja. Iliingia majini na kutokea ng'ambo, na magari yaliifuata polepole, kwa tahadhari, kama ng'ombe wanaopelekwa kunywa. Niliamini kwamba daraja lao lilikuwa limeibwa na kwamba kila mtu alikuwa anaona aibu kulitaja. Kwa hiyo na mimi sikulitaja.

Siku za kawaida basi dogo lilimchukua Mama Mkubwa asubuhi na kumpeleka kwenye mji wa jirani, kwenye nyumba ya kutunzia wazee alikofanya kazi. Lakini kiangazi kile alichukua likizo yake yote kwa mkupuo, na asubuhi ya kwanza alinipeleka kwenye ubao uliosimamishwa kando ya kanisa. Juu yake palichorwa vitu ambavyo mgeni angeweza kwenda kuviona kwa miguu: farasi mweupe juu ya kilima, magofu ya nyumba ya watawa, na mawe ya zamani yaliyosimamishwa kwa mduara.

"Umeshaviona?" nilimuuliza.

"Naviona hapa kila Jumapili nikitoka kanisani."

"Vyenyewe?"

"Vyenyewe vina njia mbaya. Kote huko unakatiza mashamba ya watu." Aliipangusa picha ya farasi kwa ncha ya kitenge, kama vile ni yeye aliyeichafua. "Kwetu mtu akikatiza shamba lako bila kuita, unajiuliza amekuja kupima nini."

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye lile geti, yeye na swali lake na mimi bila jibu. Mimi, kwa adabu niliyofundishwa na walimu wa Uswidi, nilijipenyeza katikati ya mbao na kutokea upande wa kondoo. Yeye akafanya alilolijua. Alisimama wima, akajifunga kitenge upya, akaita kwa sauti ya mtu aliyefika kwenye ua wa watu: "Hodi."

Kondoo mmoja aliinua kichwa. "Hodi," aliita tena, na sauti yake ikaenda mbali kwenye yale majani, haikukuta ukuta wa kurudia. Nilimhurumia. Au labda niliona inachekesha, sijui kipi kilitangulia. Nikajibu kwa sauti nzito ya mzee mwenye mji: "Karibu. Karibu ndani."

Mama Mkubwa alicheka mpaka akashika geti. "Haya," akasema, "mwenyewe amekubali," akafungua, akapita.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila geti, kila ngazi ya mbao ya kuvukia ukuta, mimi nilitangulia, yeye akabaki nyuma na kuita, na mimi nikamkaribisha. Tulipita hivyo siku baada ya siku, na ninapofumba macho siku hizo hazina asubuhi wala jioni, ni mwanga uleule wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, na mashina ya majani yakinichora magoti. Vilima vilikuja kimoja nyuma ya kingine, laini, bila haraka. Mama Mkubwa alisema vinafanana na vya kwao, kisha akasikitika. "Vilima vyote hivi," alisema, "na hakuna hata mstari mmoja wa maharage."

Siku moja mwenyewe alijitokeza kweli. Alikuwa mzee mrefu mwenye buti za mpira na mbwa mweusi na mweupe, akapanda kilima akihema, kwa sababu alikuwa amesikia mtu anaita. Kiingereza chake nilikishika nusu, na nusu nyingine Mama Mkubwa alinitafsiria njiani.

"Mmepotea?" aliuliza.

"Hapana. Tunaomba kupita."

"Piteni. Njia hii ni ya watu wote. Hata mimi siwezi kuifunga, na baba yangu alijaribu sana." Alimtazama Mama Mkubwa kwa udadisi. "Mlikuwa mnamwita nani?"

"Wewe."

"Mimi nilikuwa kule chini kwenye trekta."

"Ndiyo maana niliita kwa nguvu."

Yule mzee aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika kwa kicheko. Kisha akanitazama mimi. "Na huyu ni binti yako?"

"Ndiyo," alisema Mama Mkubwa. "Mimi ni mama yake."

Nilimvuta kitenge. Yule mzee aliposhuka na mbwa wake nilimuuliza Mama Mkubwa kwa nini amemdanganya.

"Nimemdanganya nini?"

"Wewe si mama."

"Wewe unaniitaje?"

"Mama Mkubwa."

"Basi. Umeniongezea, hujanipunguzia."

Sikuridhika. Tayari nilikuwa mtoto wa namna hiyo, wa kubaki nyuma nikipiga teke mawe mpaka hoja inyooke. Nikamwambia kwamba yule mzee amesema njia ni ya wote, hivyo hakuna haja ya kuita tena. Alitembea hadi geti lililofuata, akasimama. "Sheria imeniruhusu kupita," alisema. "Lakini haijanikaribisha." Akaita hodi, na mimi nikamkaribisha, nikiwa nimenuna.

Farasi tulimwona kwanza kutoka mbali, doa jeupe kwenye bega la kilima, na mimi niliyekulia Stockholm niliona jambo la kawaida kabisa: theluji ambayo haijamalizika kuyeyuka. Nilimweleza Mama Mkubwa kwa kujiamini kwamba upande ule ni wa kivuli, ndiyo maana. Aliniamini. Tulipanda tukiwa tumebeba masweta. Juu kabisa tulikuta udongo mweupe wa chaki, wenye joto la jua, ambao watu wa zamani waliuchimbua kwa kukwangua majani, na hapakuwa na farasi. Palikuwa na njia nyeupe iliyopinda huku na njia nyeupe iliyopinda kule. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipiga picha alituambia tumesimama juu ya jicho. Nililala chali kwenye lile jicho, mikono wazi, nikitazama mawingu yakipita juu yangu kwa uzito wao, na nikafikiria kwamba huenda kila kitu kikubwa kiko hivyo, ukiwa ndani yake hukioni. Nikiri kwamba wazo hilo ni safi mno kwa mtoto wa miaka saba. Huenda nimeliweka pale baadaye. Lakini joto la ile chaki mgongoni ninalo, na hilo sidhani nimelitunga.

Magofu ya watawa yalikuwa siku nyingine, baada ya mvua. Kuta ndefu, madirisha yenye ncha juu bila vioo, majani mafupi mahali pa sakafu, na mbayuwayu wakiingia mlangoni na kutokea mahali palipokuwa paa. Kando yake palikuwa na chumba cha chai walikouza mikate midogo yenye jamu na krimu nzito. Mama Mkubwa alikula wake akitazama juu.

"Kanisa zuri namna hii," alisema mwishoni. "Wameliacha wazi hivi kwa nini? Hawana mabati?"

Siku zile nilikuwa na furaha. Nasema hivi mapema kwa sababu kinachofuata kinaweza kumfanya msomaji adhani vingine.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kamba ya kuanikia nguo, na chini ya dirisha yale majani yanayowasha yalimea hadi kifuani kwangu. Nilikuwa nimeingia katikati yake kwa jaribio la kisayansi, kuona kama mtu akisimama bila kutikisika hayamwashi, Mama Mkubwa alipotoka na beseni la nguo, simu ikiwa imebanwa kati ya bega na sikio. Alikuwa anazungumza na mama. Niliganda. Sikukusudia kusikiliza, nilikuwa tu siwezi kutoka.

"Tulivyopatana ndivyo hivyohivyo," alikuwa anasema. "Akizoea, abaki kwangu. Asipozoea, nitamrudisha, wala hutasikia neno. Kumuuliza hapana. Mtoto haulizwi jambo kama hilo, utamvunja. Tumwangalie tu."

Alining'iniza soksi zangu moja moja.

"Anazoea," alisema kisha, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukisikia, kama cha msichana. "Juzi kondoo walituzibia njia, akawafukuza kwa Kiswahili. Na kila geti ananikaribisha. Kila geti. Sasa niambie, mtu atakaribishaje mahali pasipo pake?"

Kwetu jambo hili si geni wala si baya. Dada asiye na mtoto hupewa mmoja na dada mwenye wengi, na mtoto hukua akiwa na mama wawili badala ya mmoja. Wajomba zangu wawili walilelewa hivyo na hakuna anayelisimulia kwa machozi. Lakini mimi nilikuwa nimezaliwa Södertälje, sikujua kama kuna desturi, nilijua tu kwamba kuna kitanda cha juu Norsborg chenye stika za kung'aa gizani, na dada zangu watatu, na kwamba mtu fulani ananitazama ili aone kama nimezoea. Nilitoka kwenye yale majani nimevimba mikono yote. Jaribio lilikuwa limeshindikana.

Tangu hapo nilianza kujilinda. Nini hasa ni kuzoea? Nikimaliza uji, nimezoea? Nikijua bila kuwasha taa ngazi ipi inalia? Mbwa wa yule mzee alipokimbia kuja kwangu akitikisa mkia nilimfukuza kwa mguu, kisha nikamfuata nyuma ya ukuta kumwomba msamaha. Nilijikataza kupenda vitu, lakini miguu yangu ilishajua mahali pa kukanyaga mtoni maji yasiingie kwenye viatu, haikuniuliza. Jumapili mama alipopiga simu aliniuliza kama nakula vizuri. Nyumbani ningemjibu kwa Kiswidi, kama tulivyomjibu siku zote, yeye akisema lake na sisi letu. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nakula, mama, jana tumekula maharage na ndizi." "Umesema vizuri," alisema hatimaye, kwa sauti nyembamba, na akaomba apewe dada yake.

Mawe ya mduara Mama Mkubwa aliyachelewesha. Kila nilipoyataja alisema kesho, au mvua inakuja, au magoti. Hatimaye tulikwenda siku yenye ukungu, tukiwa na mayai ya kuchemsha na chapati zilizofungwa kwenye taulo. Ukungu ulikuwa umelala chini chini, hivi kwamba vilima vilionekana vimekatwa kiunoni na kuelea, na kengele ya kondoo ilisikika hapa, kisha pale, bila kondoo. Geti la mwisho lilikuwa la chuma, halikuwa na kufuli. Nilipita, nikatembea hadi katikati ya mawe. Yalikuwa mafupi kuliko kwenye picha, yenye kuvu ya njano na kijivu, na yalisimama yakinizunguka kama watu waliokatiza mazungumzo mtoto alipoingia.

"Hodi," aliita Mama Mkubwa kutoka getini.

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lilishazoea njia yake. Nikalizuia pale pale, na nikaligusa jiwe lililo karibu, lililokuwa baridi na limelowa.

"Hodi."

Hodi huitwa mara tatu. Isipojibiwa, unageuka na kurudi, hata kama unaona moshi wa jikoni kwao, hata kama unasikia vyombo. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo, kwenye magofu, tukingoja chai.

"Hodi," alisema mara ya tatu, na safari hii hakuita, alisema tu, kama mtu anayezungumza na mtu wa karibu. Kisha akangoja. Nilimwona kwenye ukungu, kitenge chake cha bluu ndicho kilichokuwa na rangi peke yake katika nchi nzima, mkono wake juu ya geti ambalo angeweza kulisukuma kwa kidole.

"Humu hamna mtu?" aliuliza.

"Nipo," nilisema. "Ila mimi ni mgeni tu, Mama Mkubwa."

Sijui nilikaa pale muda gani. Nimejaribu mara nyingi kumuuliza yule mtoto kama alijua anachofanya, na kila mwaka hunipa jibu tofauti, kulingana na kitabu ninachosoma wakati huo. Ninachojua ni kwamba Mama Mkubwa hakufungua geti. Alifungua taulo.

"Haya," alisema. "Njoo tule."

Tulikula tukiwa tumekaa upande wa nje wa geti, migongo ikiegemea nondo zake, mawe yakiwa nyuma yetu. Alinimenyea mayai yote mawili, la kwangu na la kwake, na akanipa la kwake pia. Aliniuliza kama Norsborg kuna kilima.

"Kipo kimoja. Tunatelezea na vibao wakati wa theluji."

"Kina mwenyewe?"

"Hakina. Ni cha wote."

"Basi nitakuja kukiona," alisema, akanipangusa mdomo kwa kiganja.

Juma hilohilo alinipeleka uwanja wa ndege. Alinisuka njiani, ndani ya treni, nywele za upande mmoja zikabana kuliko za upande wa pili. Mama alinipokea akanishika uso kwa mikono miwili, akaniuliza kitu, na mimi nikamjibu kwa Kiswidi, na akacheka kwa namna ambayo ilinifanya nitazame nyuma kuona nani anachekwa. Hakuna aliyelitaja jambo lile tena. Mama Mkubwa alikuja kweli, mara kadhaa, akakaa nasi Krismasi, akakipanda kile kilima akiwa na viatu vya kanisani. Kwangu hakubadilika hata kidogo, na kwa miaka mingi nilidhani, kwa ujinga wa watu waliopendwa bila masharti, kwamba kiangazi kile kilinigharimu mimi tu woga wa siku chache, na yeye hakikumgharimu kitu.

Msimu uliopita wa baridi nilikuwa Norsborg, nimekaa jikoni na mama akichambua maharage, na nikamuuliza waziwazi. Hakuacha kuchambua. Alisema Mama Mkubwa alikuwa ameniandikisha kwenye shule ya kijiji cha jirani kabla hata sijafika, akaninunulia sweta la kijani la sare yao, na baada ya kunirudisha hakupata nguvu ya kwenda kuwaambia wafute jina. Asubuhi shule ilipofunguliwa aliomba ruhusa kazini, akaenda, akasimama uani pamoja na wazazi wengine. Walimu walikuwa wanaita watoto wapya mmoja mmoja wapange mstari. Lilipoitwa jina langu, Mama Mkubwa aliinua mkono akajibu: "Yuko kwao."